Ukurasa mweupe, au kwa nini nabishana na wenzangu kuhusu maelezo ya Python

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na Mama Mdogo ameshanitumia ujumbe mara mbili kuuliza kama baridi ya London imenigandisha vidole. Vidole vipo, ila kazi zimebana. Leo naandika juu ya hizo hizo kazi, na najua wengine mtakimbia mkiona neno kompyuta. Msikimbie jamani. Mambo haya yanatugusa sisi zaidi kuliko yanavyowagusa hawa wa huku, na ndiyo maana nimeamua kuyasema.

Shangazi wa Tanga kila nikipiga simu huniuliza, "Hivi mwanangu, huko unafanya kazi gani hasa?" Namjibu "za kompyuta", kisha tunahamia kwenye habari za minazi. Basi leo nimjibu vizuri.

Kuna lugha ya kuandikia programu inaitwa Python. Aliianzisha Mholanzi mmoja, Guido van Rossum, pale Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989, na toleo la kwanza likatoka 1991. Siku hizi iko kila mahali: kwa wanaotabiri mvua, kwa watu wa benki, kwa wanaosoma vinasaba vya virusi. Watu huandika vifurushi vya Python na kuvigawa bure mtandaoni, wewe unavichukua na kuvitumia kwenye kazi yako. (Nikisema kifurushi humu msifikirie bando la simu! Ingawa bando nalo linakuja, subirini.) Kila kifurushi kinahitaji maelezo: fanksheni hii inafanya nini, unaipa nini, inakurudishia nini. Ofisini kwetu mimi ndiye ninayesimamia maelezo hayo yajengwe na kuwekwa kwenye tovuti kila toleo jipya linapotoka. Ndiyo, yanajengwa. Hayaandikwi tu kama barua, kuna programu inayoyakusanya, na hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Msimamo wangu nausema mapema, anayetaka kuondoka aondoke na huo: kifurushi chenye sehemu zilizokompailiwa lazima kikompailiwe kwanza, kisha maelezo yatolewe ndani ya kitu kile kile kitakachomfikia mtumiaji. Visitumike vitu bandia, na ujenzi ukishindwa upige kelele. Wenzangu kadhaa wanaona naleta ukali usio na sababu. Ngoja nieleze.

Jumamosi huwa naenda Queen's Market pale Upton Park kutafuta mihogo, ndizi na unga. Chukueni mfano wa huo unga. Programu iliyoandikwa kwa Python tupu ni kama mahindi kwenye gunzi, punje unaziona, unaweza hata kuzihesabu. Lakini Python ina uzito wake, haikimbii sana. Kwa hiyo hesabu nzito watu huziandika kwa lugha ya C, C++ au Rust, kisha zinapitishwa kwenye kinu kinachoitwa kompaila, zinasagwa mpaka zinakuwa lugha ya mashine. Kinachotoka ni faili lenye mkia wa .so kwenye Linux au .pyd kwenye Windows, na Python inalitumia kama moduli yake nyingine yoyote. NumPy, ambayo karibu kila mwenye kazi ya namba anaitegemea, imejaa moduli za namna hiyo. Ukilifungua faili lile huoni chochote cha kusoma. Ni unga.

Tena ni unga wa ajabu, kwa sababu uliosagwa kwa jiko moja hauivi kwenye jiko jingine. Wa Windows haufai kwenye Linux, wa prosesa ya Intel haufai kwenye ya ARM, na mara nyingi wa toleo moja la Python haufai kwenye toleo linalofuata.

Sasa anakuja msajili wa maelezo. Programu inayotumika zaidi kujenga maelezo ya Python inaitwa Sphinx. Georg Brandl aliitoa mwaka 2008, kwanza kabisa kwa ajili ya maelezo ya Python yenyewe. Ndani yake kuna kipande kinachoitwa autodoc. Autodoc haisomi msimbo kwa macho. Inaimpoti kifurushi, yaani inakiita kiamke, kisha inakiuliza: una fanksheni gani, na kila moja inasemaje juu yake? Yale maneno mafupi ambayo mwandishi aliyaweka ndani ya fanksheni, tunayaita dokstringi, ndiyo yanayogeuka ukurasa wa tovuti. Ni kama mtu aliyetumwa kuandika orodha ya vyakula vya hoteli, haangalii kibao cha nje, anaingia jikoni kumuuliza mpishi.

Kama moduli haijakompailiwa, jikoni hakuna mpishi. Kuimpoti kunashindwa. Na Sphinx inafanya nini? Hapa ndipo damu yangu huchemka: inaandika onyo moja katikati ya mistari mingi ambayo hakuna anayeisoma, inaendelea na safari yake, na mwisho inatangaza kwamba ujenzi umefanikiwa, ila kuna maonyo. Tovuti inasasishwa. Kichwa cha habari kipo, jina la sura lipo, chini yake hakuna kitu. Ukurasa mweupe.

Labda mtasema hayo ni ya watu wa ofisini London wenye kahawa zao. Mwezi wa kwanza mpwa wangu aliye chuoni Morogoro aliniandikia kwenye WhatsApp.

"Mjomba shikamoo."

"Marahaba mama, za masomo?"

"Nzuri mjomba, ila kuna kitu kinanichanganya. Hii tovuti ina majina ya sura tu. Nimejaribu kwa simu na kwa laptopu. Labda bando langu halifungui zote?"

Akanitumia picha. Bando lake halikuwa na tatizo lolote, ukurasa ndio uliokuwa mtupu, hata hapa kwangu ulikuwa mtupu vile vile. Kifurushi chenyewe sikitaji, si cha ofisi yetu, wala si cha kwanza kuwa hivyo. Binti alikuwa na mafaili ya mvua za miaka mingi, alitaka kujua kama kifurushi kile kinaweza kuyasoma na kutoa wastani wa kila mwezi. Swali la haki kabisa. Alikuwa ameshajaribu kukisakinisha. Kwenye laptopu yake, ambayo ni ya mitumba na Windows yake ni ya zamani, hapakuwa na kilichokwisha kusagwa kwa ajili yake, kwa hiyo pip (ndiyo programu inayosakinisha vifurushi) ikashusha msimbo wa C ili ikompaili pale pale, ikashindwa, na ikamtolea ule ujumbe maarufu kwamba anahitaji Microsoft Visual C++ 14.0 au zaidi. Hiyo kompaila ukiifuata ni gigabaiti kadhaa. Gigabaiti kadhaa kwa bando la mwanafunzi! Ndipo akarudi kwenye tovuti akiwaza, ngoja kwanza nisome, nijue kama inafaa kuingia gharama. Na tovuti ikamwonyesha karatasi nyeupe.

Fikirini ni nani aliyeumia hapo. Mtu wa huku mwenye mashine kubwa na intaneti isiyohesabiwa, akikuta ukurasa mweupe anashusha msimbo, anakompaili, anafungua mafaili ya C anasoma mwenyewe. Ananung'unika dakika 5 anaendelea. Asiyeweza kukompaili ndiye aliyebaki na ukurasa peke yake, na ukurasa ndio tuliomnyima. Mwenye njia 3 tumemwachia 2, mwenye njia 1 tumemwachia sifuri. Sidhani kuna anayefanya hivyo kwa makusudi, ila matokeo yake ni hayo.

Turudi ofisini. Wenzangu wana dawa yao na ni dawa ya zamani. Tovuti ya Read the Docs, inayojenga na kuhifadhi maelezo ya vifurushi vingi bure, ilianza mwaka 2010. Miaka ya mwanzo mashine zake hazikuwa rahisi kukompailia mambo ya C, na ushauri uliokuwa ukitolewa ulikuwa huu: weka moduli bandia. Yaani unaidanganya Python kwamba moduli ya C ipo, unaipa kivuli kinachoitikia kila jina utakaloita, ili kuimpoti kusishindwe. Baadaye Sphinx yenyewe ikaweka mpangilio wa kazi hiyo, autodoc_mock_imports, unaandika jina tu mambo yanakwenda.

Sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Kama kifurushi chako kinagusa kidogo tu moduli nzito ya mtu mwingine, na maelezo yako hayaihusu, weka bandia, hakuna atakayeumia. Ninachokataa ni kuweka bandia kwa moduli YAKO MWENYEWE, ile ambayo ndiyo kiini cha kifurushi. Hapo unaandika maelezo ya kivuli. Ni kama kuingia duka la nguo Oxford Street, ukapiga picha lile sanamu la dirishani, ukaituma nyumbani ukisema wazee, huyu ndiye mchumba wangu. Nguo ni zenyewe kweli, ila wazee wakianza kuuliza ukoo wake mtafika wapi?

Na huo ukoo si mzaha. Vifurushi vingi vina klasi ya Python inayorithi kutoka klasi ya C. Klasi ya juu ina fanksheni 3, nyingine 20 imezirithi kwa mzazi. Mzazi akiwa bandia zile 20 hazionekani. Ukurasa hauwi mweupe, na hilo ndilo baya zaidi, unaonekana umekamilika wakati sehemu kubwa ya mambo haipo. Msomaji wa Morogoro anahitimisha kwamba kifurushi hakiwezi kazi yake, kumbe kinaweza.

Kuna mtego mwingine ambao nimeuona kwenye miradi mingi mno, na hapa wale vijana wa nyumbani wanaoandika Python wasogee karibu. Kwenye faili la mipangilio la Sphinx, conf.py, watu wengi wana mstari wa sys.path.insert unaoiambia Python itafute kwanza kwenye folda ya juu, kwenye msimbo wenyewe. Kwa kifurushi cha Python tupu mstari huo ni mzuri, unaokoa muda. Kwa kifurushi chenye C ni sumu. Unaweza kuwa umekompaili vizuri, umesakinisha vizuri, faili la .so limekaa mahali pake. Halafu Sphinx inaanza, inatii ule mstari, inaenda kwenye folda ya msimbo ambako mafaili ya C bado ni mahindi mabichi, inaimpoti kutoka huko na inashindwa. Mtu anakaa siku nzima anajiuliza, mbona nimekompaili? Umekompaili ndiyo, ila Python inakula chungu kingine. NumPy imelijua hilo siku nyingi, ukijaribu kuiimpoti ukiwa ndani ya folda ya msimbo wake inakuambia waziwazi utoke humo kwanza. Dawa ni kufuta mstari ule, na kuweka msimbo ndani ya folda inayoitwa src ili Python isiuokote kwa bahati mbaya.

Hoja kubwa ya wenzangu ni muda. Wanasema kukompaili kunachukua dakika nyingi, na kila anayerekebisha koma kwenye maelezo asilazimike kusubiri kinu kizunguke. Hoja ina uzito, siikatai. Hapa London pale Imperial College wana kifurushi chao cha Python kinaitwa Firedrake, cha kutatua milinganyo ya fizikia, mambo ya mikondo ya bahari na kadhalika. Kinasimama juu ya PETSc, maktaba kubwa ya C iliyoanzia maabara ya Argonne kule Marekani. Mizigo kama hiyo huisagi wakati chai inachemka.

Lakini sikilizeni. Kila toleo likitoka tunasaga kwa vyovyote! Tunatengeneza mafaili ya .whl, yaani unga uliokwisha kufungwa kwenye paketi kwa kila aina ya jiko, ili pip iyachukue bila kompaila. Mfumo huo ulipitishwa na watu wa Python kwenye pendekezo lao nambari 427, na kwa Linux yakaongezwa masharti ya manylinux mwaka 2016. Sasa kama paketi ya unga ipo tayari, kwa nini anayeandika maelezo asichukue hiyo hiyo? Kompaili mara moja, sakinisha .whl ile ile kwenye mashine safi, kisha iite Sphinx. Anayerekebisha koma atumie .whl ya jana. Na kuna faida ambayo wenzangu hawakuifikiria mpaka tulipokaa mezani: ukijenga maelezo kutoka kwenye .whl, umeijaribu .whl yenyewe. Mara mbili mwaka jana maelezo yaligoma kujengwa, na sababu ilikuwa .whl iliyokosa faili moja ndani. Tuligundua sisi kabla ya wateja.

Na ile tabia ya Sphinx ya kunyamazia msiba ina tiba ya herufi moja, -W. Ukiiweka, kila onyo linakuwa kosa, na ujenzi unahesabiwa kuwa umeshindwa. Tovuti haibadiliki, inabaki ya zamani iliyo nzima. Bora ukurasa wa toleo lililopita kuliko ukurasa mweupe wa toleo jipya. Wenzangu wanalalamika kwamba sasa ujenzi unakwama kwa vitu vidogo vidogo, kiungo kilichokosewa, kichwa kilichopigiwa mstari mfupi. Ni kweli unakwama. Wavirekebishe.

Kuna jambo jingine ninalolipigania zaidi hata ya tovuti, nalo ni maneno yaliyo ndani ya moduli yenyewe. Kila mwenye Python ana amri inaitwa help. Unaandika help, mabano, jina la fanksheni, na maelezo yanatokea hapo hapo kwenye skrini, bila intaneti hata chembe. Mnakumbuka Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao ukazorota kuanzia Tanzania mpaka Kenya, Uganda na Msumbiji? Mimi nakumbuka vizuri, nilikuwa napiga simu nyumbani haziingii. Na siku zile kuanzia 29 Oktoba 2025, mtandao ulipozimwa Tanzania wakati wa uchaguzi? Siku kama hizo tovuti nzuri kiasi gani haikusaidii. Help inasaidia. Hata hapa London nikiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi, ingawa sehemu nyingine siku hizi zina mtandao, nikipita pasipo na mtandao ni help hiyo hiyo inayonisogeza.

Lakini help inategemea dokstringi, na waandishi wa C wengi ni wavivu wa dokstringi. Kwenye Python tupu hata usipoandika neno, angalau msomaji ataona fanksheni inapokea vitu gani. Kwenye C hata hilo halipo. Unga hausemi ulitokana na punje ngapi. Usipoandika sahihi ya fanksheni kwa mkono wako, msomaji anaona jina na mabano, ndani ya mabano kinaingia nini akabashiri mwenyewe. Wenye kazi zao wametafuta njia. NumPy wana faili zima la Python, _add_newdocs.py, ambalo kazi yake ni kubeba maelezo marefu ya fanksheni za C na kuyapachika kifurushi kinapoamka, kwa sababu kuandika aya za lugha ndani ya msimbo wa C ni kero tupu. Anayetumia Cython anaweza kuwasha mpangilio wa embedsignature, sahihi inaingia yenyewe kwenye mstari wa kwanza wa dokstringi. Pybind11 inafanya hivyo bila hata kuombwa. Kwa hiyo visingizio vimekwisha. Ni mstari mmoja wa mipangilio!

Mwenzangu mmoja, kijana mzuri sana na mwerevu kuliko mimi, ana njia ya kati. Anataka tuandike mafaili ya .pyi, yaani mafaili ya Python yenye majina na sahihi tu bila kazi ndani, na maelezo yatolewe humo bila kukompaili chochote. Kwa kweli njia hii naiheshimu. Mafaili hayo yanasaidia pia programu za kuandikia msimbo zikukamilishie majina. Shida ni kwamba ni karatasi ya pembeni, na karatasi ya pembeni huachwa nyuma. C inabadilika Jumatatu, .pyi inabadilika mtu akikumbuka. Kuna chombo cha kulinganisha, stubtest, kinakuja pamoja na mypy, kinaangalia kama .pyi inakubaliana na moduli halisi. Lakini ili kiangalie lazima kiimpoti moduli halisi, yaani lazima uwe umekompaili! Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema basi tumerudi pale pale. Nikamwambia ndiyo, tumerudi, ila .pyi zako tuziweke.

Niseme na jambo la Kiswahili, maana najua mwalimu wangu wa zamani anasoma humu na ataniuliza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na mimi ni mmoja wa walioionea fahari. Maelezo ya Python nayo yanaweza kutafsiriwa. Sphinx ina njia yake: inatoa sentensi zote za maelezo na kuziweka kwenye faili, mtafsiri anaandika Kiswahili chini ya kila sentensi, kisha tovuti inajengwa kwa lugha hiyo. Lakini sentensi za dokstringi zinatoka wapi? Kwa autodoc, kwa kuimpoti. Moduli ya C isipoamka, faili la mtafsiri linakuja bila sentensi zake. Kijana wa Iringa au Mombasa akijitolea wikiendi zake kutafsiri, atakuta sehemu muhimu haipo hata ya kutafsiri, na wala hatajua kwamba ilipaswa kuwapo. Naliona hilo kuwa baya kuliko ukurasa mweupe wenyewe, kwa sababu mwenye ukurasa mweupe angalau anauona weupe.

Kwa sasa ofisini tumefika hapa: -W imewashwa, ule mstari wa sys.path umefutwa, na maelezo ya kifurushi chetu kikubwa yanajengwa kutoka kwenye .whl. Vifurushi 2 vidogo bado vina moduli bandia, navyo tutavijadili baada ya Pasaka. Kila toleo tunaweka pia faili la zipu lenye maelezo yote, mtu alishushe mara moja alisome bila mtandao. Hilo lilipita bila ubishi, nikashangaa.

Mpwa wangu alishapata msaada wake. Nilimtafutia toleo la nyuma kidogo la kifurushi kile, lenye .whl inayokubaliana na laptopu yake, megabaiti chache tu, akasakinisha bila kompaila. Kisha nikamwonyesha amri hii, na ninyi wengine mnaosoma Python huko iandikeni pembeni: python -m pydoc -b. Inakufungulia kwenye kivinjari chako maelezo ya kila kifurushi kilichomo ndani ya mashine, pamoja na zile moduli za C, bando lisiguswe. Miradi mingi iliyoko Read the Docs ina pia zipu au PDF ya kushusha, iangalieni kwenye kile kimenyu kidogo cha toleo. Na maelezo ya Python yenyewe yanashushwa yote kutoka docs.python.org, fanyeni hivyo siku mkipata intaneti ya chuo au ya ofisi ya mtu.

Mkikuta ukurasa mweupe, msidhani ni simu zenu. Waandikieni wenye kifurushi, kwa Kiingereza kifupi tu, mwambie fanksheni gani haina maelezo na umeiona kwenye toleo gani. Wakiwa wengine watakaa kimya, nitumieni mimi kiungo, nitawaandikia mwenyewe.

Haya, ni jioni na nje giza limeshaingia. Wiki ijayo nikijaliwa nitaweka picha za harusi ya Barking, maana najua hizo ndizo mnazozisubiri.